Van Helsing Alitobolewa Mapema Mno

Dracula ya NBC ilijimaliza usiku wake wa kwanza, Oktoba 25, 2013, katika dakika za mwisho za sehemu ya kwanza. Kituo kilipotangaza Mei 2014 kwamba hakuna sizoni ya pili, kilikuwa kinaandika cheti cha kifo tu. Mlioitazama mnaikumbuka njia yake. Romania, mwaka 1881: watu wawili wanaingia kaburini, mmoja anamchinja mwenzake, damu inamchuruzikia mfu aliyekauka mpaka anaamka. Aliyemwamsha hatajwi jina. Tunarukia London ya 1896, ambako mfu huyo sasa anajiita Alexander Grayson, tajiri wa viwanda kutoka Marekani, na ambako profesa Abraham Van Helsing anafundisha udaktari huku Mina Murray akiwa mwanafunzi wake. Kila aliyewahi kusikia jina la Van Helsing anakaa mkao wa kusubiri: mwindaji ameshafika. Kisha, kabla sehemu hiyo haijaisha, tunafunuliwa kwamba mtu wa kaburini alikuwa yeye, na kwamba yeye na Dracula ni washirika.

Mshtuko wenyewe ni mzuri, na hapo ndipo penye hasara. Mwandishi wa tamthilia ya sehemu kumi alikuwa na siri moja ya thamani kubwa, akaitumia yote siku ya ufunguzi kwa kuogopa kwamba mtazamaji angehama. Tulijifunza darasani kwamba taharuki huzaliwa na pengo la kujua: mmoja anajua, mwingine hajui, na msomaji amesimama katikati. Bram Stoker, katika riwaya yake ya 1897, alilijenga pengo hilo kwa barua, shajara na telegramu. Kila mhusika ana kipande chake, na hakuna aliye na picha nzima mpaka Mina anapozipiga chapa karatasi zote na kuzipanga kwa tarehe. Dracula mwenyewe, tukishatoka kwenye ngome yake, haonekani ila kwa nadra. Van Helsing wa kitabuni anajua mapema kinachomnyonya Lucy, rafiki yake Mina, lakini anauzuia ulimi wake, na kila siku anayochelewa kusema Lucy anazidi kupauka. Msomaji anataka kumpigia kelele aseme. Hiyo ndiyo mashine ya hadithi hii tangu ilipoundwa, na NBC waliing'oa injini kabla gari halijatoka uani.

Angalieni kilichobaki baada ya hapo. Kwa kuwa tunajua nani alimwamsha nani, na muda si mrefu tunajua na sababu (Kundi la Joka, maadui wao wa pamoja, lilimchoma moto mke wa mmoja na kuiteketeza familia ya mwingine), kazi iliyobaki kwa sehemu tisa ni kutekeleza mpango wa biashara. Grayson ananyemelea hisa za kampuni ya vipoozeo. Grayson anataka kusambaza umeme usio na waya ili avunje nguvu ya mafuta ambayo maadui zake wanaishikilia. Jonathan Harker, aliyegeuzwa mwandishi wa habari, anaajiriwa, anasifiwa, anadanganywa, na kwa kuwa sisi tunajua kila kitu na yeye hajui chochote, anaonekana mjinga, wakati Harker wa Stoker alikuwa jasiri aliyezidiwa. Pengo la kujua bado lipo, ndiyo, ila limepanuka mpaka limepoteza kazi yake. Mtazamaji hamwonei mtu huruma kwa kutojua jambo ambalo hakuna mkono wowote unaoelekea kumfunulia.

Na Van Helsing? Amewekwa maabara achome sindano. Sehemu baada ya sehemu tunamwona Thomas Kretschmann, mwigizaji mwenye uso unaoweza kubeba dhambi ya miaka mingi, akihangaika na dawa ya kumwezesha bwana wake kutembea juani. Hapa naomba niseme tena nililokwisha kulisema mara nyingi kuhusu jua. Dracula wa Stoker hauawi na jua. Harker anamwona mchana kweupe barabara ya Piccadilly, katikati ya London, akimkodolea macho msichana. Mchana unampunguzia uwezo, basi. Aliyeamua kwamba mwanga wa jua unamyeyusha mnyonya damu ni mwongozaji Murnau, katika filamu ya Nosferatu ya 1922, na tangu hapo kila mtengenezaji amelibeba sharti hilo kana kwamba liliandikwa kwenye msahafu. Kwa hiyo tamthilia hii ilimtwaa mhusika bora iliyekuwa naye na kumpa kazi ya kutibu ugonjwa ambao mgonjwa wa asili hakuwa nao.

Mtetezi atasema: lakini hofu ya Dracula ni damu, na damu ilikuwepo ya kutosha. Sidhani hoja hiyo inasimama popote, na hapa kwetu haisimami kabisa. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa Waarusha na ndugu zao Wamaasai, damu ya ng'ombe aliye hai ni chakula cha tangu enzi: shingo inafungwa kamba, mshale uliozuiwa usizame unatoboa mshipa, kibuyu kinakinga, jeraha linazibwa, mnyama anarudi malishoni. Anayeijua desturi hiyo hatishwi na midomo myekundu peke yake. Kilichowatia watu hofu Afrika Mashariki, kwa miongo mingi ya ukoloni, kilikuwa mumiani, na mumiani hakuwa na meno marefu wala joho. Alikuwa mtu wa kazi. Nairobi na Kampala waliwanong'onea wazimamoto na gari lao; kwingine walitajwa wapima ardhi, madereva, watu wa hospitali. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, na kinachojirudia humo ni kwamba damu inachukuliwa na mwenye sare, mwenye chombo, mwenye ruhusa ya kuwa pale alipo. Hofu inakaa kwenye kutojua: yupi kati ya hawa waheshimiwa anatoka usiku, na damu inapelekwa kwa nani?

Sasa mtazameni tena Van Helsing wa NBC kwa macho hayo. Daktari. Profesa wa chuo. Mtu mwenye sindano na chupa, anayeaminiwa na binti mwanafunzi kuliko baba, na ambaye kwa siri anamfanyia kazi mnywaji. Bila kujua, watu hawa walikuwa wameunda mumiani kamili kuliko wote waliowahi kupita kwenye televisheni ya Marekani! Walichohitaji ni kunyamaza. Mwacheni afundishe kwa sehemu sita, Mina amletee mashaka yake kuhusu huyu Grayson, Harker naye aje kumwomba ushauri, na sisi tuliosoma kitabu tupumue kwa kuwa wamefika kwa mtu sahihi. Halafu, katika ya saba, tuoneshwe kaburi la 1881 upya, safari hii na uso wake. Kila ushauri aliowahi kuutoa ungegeuka sumu kwa kurudi nyuma. Wauzaji wetu wa muvi za Bongo, waliokuwa wakiikata hadithi moja kuwa Sehemu ya Kwanza na ya Pili ili wauze diski mbili, nimewalaumu sana na nitaendelea kuwalaumu, lakini angalau walijua kwamba siri haimalizwi kwenye diski ya kwanza.

Kuna wanaosema kilichoiua ni saa ya kurushwa: Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana wa Marekani wako nje. Hoja hiyo ina uzito kidogo, mpaka ukumbuke majirani zake. Grimm iliitangulia usiku huohuo wa Ijumaa na iliishi sizoni sita. Hannibal ya Bryan Fuller iliirithi saa ileile mara baada ya Dracula kumaliza, haikuwa na watazamaji wengi, na bado Mei ileile ya 2014 ilipewa sizoni ya tatu. Na Hannibal ilikuwa ikifanya nini? Tunajua tangu mwanzo kwamba daktari Lecter ni mla watu, mpelelezi Will Graham hajui, anakaa naye mezani, anamweleza ndoto zake. Tena Graham ana akili za kutosha kuikaribia kweli, kwa hiyo kila mazungumzo yao ni hatari. Siri ilikuwa wazi kwetu na imefungwa kwake, na waandishi waliusogeza mlango taratibu. Hata walipoamua kuonesha kadi yao mapema, walibaki na mtu wa upande wa pili anayeweza kuiona. Dracula ilimwondoa mtu huyo.

Wengine watasema hadithi hii imeshachezwa mno, hivyo lazima ipinduliwe. Na ipinduliwe, hakuna anayedai kitabu kiigizwe ukurasa kwa ukurasa. Studio ya Hammer mwaka 1958 walimpindua Harker akawa mwindaji anayejifanya mkutubi, wakampa Christopher Lee, Dracula wao, maneno machache ya mwanzoni kisha wakamnyamazisha, lakini Van Helsing wa Peter Cushing wakamwacha alipo, ng'ambo ya mstari, na wawili hao wanapokutana mwishoni mapazia yanang'olewa dirishani kwa sababu filamu nzima ilikuwa ikiahidi mkutano huo. Van Helsing wa Frank Finlay dhidi ya Dracula wa Louis Jourdan, BBC 1977, ni darasa jingine. Waandishi Moffat na Gatiss, Januari 2020, walimfanya Van Helsing kuwa mtawa wa kike, Sista Agatha, mapinduzi makubwa kuliko ya NBC, na mwigizaji Dolly Wells akayabeba kwa kuwa Agatha aliendelea kuwa adui anayeuliza maswali. Unaweza kubadili jinsia, kazi, dini na umri wa mwindaji. Ukimwondoa kwenye uwindaji unabaki na stelingi asiye na wa kupambana naye.

NBC walijaribu kuziba nafasi hiyo kwa Lady Jayne, mwindaji wa Kundi la Joka, na Victoria Smurfit alijitahidi. Mavazi na mandhari ya Budapest, ilikopigwa picha, hayana lawama, na Renfield wa Nonso Anozie, mwanasheria Mweusi mwenye heshima zake badala ya mgonjwa anayekula nzi, ndiye uvumbuzi bora wa tamthilia nzima. Lafudhi ya Kimarekani ya Jonathan Rhys Meyers, aliyemwigiza Grayson, tuiache.

Ushahidi mkubwa zaidi umo kwenye tamthilia yenyewe. Sehemu ya kumi, ya Januari 24, 2014, inauvunja ushirika: Van Helsing anaachana na Dracula na kumwendea Harker, ambaye sasa amesalitiwa kiasi cha kutosha kuwa hatari. Yaani wawindaji wa Stoker wanapangwa upya, kwenye mstari wao uleule, wakati muda umekwisha. Inashangaza zaidi kwa kuwa aliyekuwa akiongoza chumba cha waandishi ni Daniel Knauf, yuleyule wa Carnivàle, tamthilia ya HBO iliyochunga siri zake kwa subira iliyowachosha wengi na kufutwa mwaka 2005 baada ya sizoni mbili. Inawezekana kidonda hicho ndicho kilichomfundisha haraka. Lakini kubadilisha hapa hakukuwa na gharama: waigizaji walewale, maabara ileile, kaburi lilelile lililokwisha kupigwa picha. Kilichohitaji kuhama ni dakika chache za mkanda, kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya saba, na hakuna gauni hata moja ambalo lingeshonwa upya.