Mwanamke Jasiri katika Filamu za Vibonzo: Uhakiki wa Tiana na Moana

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya fasihi anaifahamu sentensi hii: "Mhusika huyu ni jasiri, mwenye bidii na mwenye msimamo thabiti." Sentensi hiyo humfaa karibu kila mhusika wa kike, na kwa hivyo haimwelezi yeyote. Makala haya yanapendekeza kipimo kingine. Pamoja na kutaja sifa, mtahiniwa ajiulize: ni uamuzi upi wa mwanamke huyu ambao ukiondolewa, msuko mzima unaporomoka?

Ili kukijaribu kipimo hiki, tutawatazama wahusika wawili ambao wanafunzi wengi wamewaona kwenye runinga: Tiana katika The Princess and the Frog (2009) na Moana katika Moana (2016). Filamu hizi za Disney ziliongozwa na watu wale wale, Ron Clements na John Musker, na kila moja inampa nafasi kuu msichana asiye Mzungu. Hata hivyo, hawakusawiriwa kwa namna moja.

Tiana

Tiana ni Mmarekani mweusi anayeishi New Orleans katika miaka ya 1920. Anahudumu katika mikahawa miwili na kuweka akiba mikebeni ili afungue mkahawa ambao yeye na marehemu babake waliuotea ndoto. Bidii yake haina shaka. Kikwazo ni wenye jengo analotaka kulinunua, wanaomdokezea kwamba mwanamke wa asili yake ni heri abaki alipo. Hapo filamu inaugusa ubaguzi wa rangi, lakini inaugusa kwa maneno machache tu kisha inapita. Usiku uo huo Tiana anambusu chura, naye anageuka chura.

Usawiri huu una walakini. Katika ngano iliyoandikwa na ndugu Grimm, anayegeuzwa chura ni mwana wa mfalme pekee. Tiana ndiye binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, ilhali kwa sehemu kubwa ya filamu mtazamaji anaiona ngozi ya kijani. Hiki ni kinaya: hadhira inaahidiwa mwanamke mweusi, kisha anafichwa.

Hata hivyo, mhakiki asikomee hapo. Mganga Facilier anamwahidi Tiana mkahawa aliouota iwapo atampa hirizi yenye nguvu zake. Tiana anatambua kwamba babake hakupata alichokitaka, lakini hakukosa alichokihitaji, yaani mapenzi ya jamaa yake. Anaivunja hirizi, na Facilier anaangamia. Bila uamuzi huo mgogoro hautatuliwi. Kwa kipimo chetu, basi, Tiana ana uwezo wa kweli. Udhaifu umo katika hatima yake: anarudia umbo la binadamu kwa kuolewa na mwana wa mfalme. Uamuzi ni wake, ila ukombozi unapitia ndoa.

Moana

Moana ni binti wa mtemi katika kisiwa cha kubuni cha Motunui, kwenye bahari ya Pasifiki. Nazi zinaoza, samaki wanatoweka, na babake amepiga marufuku kuvuka mwamba. Nyanyake, Tala, ndiye anayemfichulia kwamba wahenga wao walikuwa mabaharia. Bahari imemteua Moana aurejeshe moyo wa Te Fiti ulioibwa na Maui.

Mtahiniwa makini anaweza kupinga: mhusika aliyeteuliwa na bahari ana hiari gani? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu limo katika filamu yenyewe. Maui anapomtoroka, Moana anakata tamaa, anairudishia bahari moyo ule na kuitaka imtafute mtu mwingine. Bahari inauchukua. Baada ya kuzungumza na mzimu wa nyanyake, Moana anapiga mbizi na kuutwaa tena. Mwanzoni aliteuliwa, sasa amejiteua.

Fauka ya hayo, Moana hashindi kwa mabavu. Anagundua kwamba Te Kā, jitu la moto linaloogopwa, ndilo Te Fiti lililopokonywa moyo. Analiendea bila silaha. Kisha anarudi nyumbani kuongoza watu wake baharini. Hageuzwi umbo wala haozwi.

Hitimisho

Tukilinganisha, wahusika hawa wawili ni majasiri sawa. Tofauti imo katika kile ambacho kazi inawaruhusu kuwa nacho baada ya ujasiri huo: mmoja anahitaji ndoa ili arudiwe na sura yake, mwingine anabaki na sura na uongozi wake.

Kipimo hiki kinafaa hata katika vitabu teule. Tunu katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyowahi kuwa kitabu teule, si jasiri kwa sababu aliumizwa mguu. Kuumizwa ni jambo alilotendwa. Ujasiri wake umo katika kuendelea na harakati baada ya kuumizwa. Mtahiniwa anayetenganisha alichotendwa mhusika na alichoamua mwenyewe atakuwa na hoja, si orodha ya sifa tu.

Swali la marudio: "Mwanamke anayeteseka si lazima awe mwanamke jasiri." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea wahusika wawili wa kike katika kazi uliyoisoma. (alama 20)