Rangi Kwenye Pua ya Ndege

Ubavu wa pua ya B-17, ile ndege ya mabomu ya Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, ni mahali pagumu pa kuchora. Bati la alumini linapinda kuelekea mbele, vichwa vya ribiti vimetapakaa, na madirisha yamekatwa pasipo kumfikiria mchoraji. Ndiyo maana namheshimu sana Tony Starcer.

Starcer alikuwa askari wa kawaida kwenye kambi ya Bassingbourn, Uingereza, makao ya Kundi la 91 la ndege za mabomu. Alichora ndege zaidi ya 100. Iliyovuma kuliko zote ni Memphis Belle, jina lililotokana na Margaret Polk wa Memphis, mchumba wa rubani Robert Morgan. Umbo la msichana aliyechorwa kwenye pua yake Starcer alilitoa kwa George Petty, mchoraji wa jarida la Esquire. Wapo watakaosema alinakili tu. Wajaribu wao! Petty alikuwa na karatasi bapa mezani. Starcer ilimbidi alikuze umbo lile kwenye bati lililopinda, na kiuno kisivunjike, wala mguu usirefuke kama wa korongo. Kisha akalirudia upande wa pili wa pua. Nguo ya kuogelea akaipaka bluu kushoto na nyekundu kulia, kwa hiyo anayetazama picha moja tu ya ndege hiyo ameona nusu ya kazi. Memphis Belle ilitimiza safari zake 25 za vita mwezi Mei 1943, na leo imo katika makumbusho ya jeshi la anga huko Dayton, Ohio.

B-24, ndege nyingine ya mabomu ya Marekani, ilikuwa na mbavu bapa, ukuta hasa. Kwenye kambi ya Sudbury, Uingereza, mchoraji Phil Brinkman aliutumia ukuta huo kuchora nyota za unajimu, zile zile tunazozisoma magazetini: Simba, Nge, Mizani na wenzao. Kikosi kizima cha 834 kikajulikana kwa nyota hizo. Mabaharia wa Lamu waliochora macho kwenye omo la mtepe wangemwelewa upesi.

Kuanzia mwaka 1944, ndege mpya zilianza kutoka kiwandani bila rangi ya kijani-kahawia, ili ziwe nyepesi. Mchoraji akakuta alumini tupu inayong'aa, na rangi zake zikawaka zaidi. Hata hivyo, mimi bado naipenda ile kijani iliyofifia. Nyekundu ikikaa juu yake hutulia.

Lakini rangi ninazozipenda kuliko zote hazikuchorwa kwa ajili ya urembo. Asubuhi mamia ya B-24 zilipaa kutoka viwanja vya Norfolk, Uingereza, na kuingia mawinguni, na kila rubani alipaswa kulipata kundi lake angani. Kwa hiyo kila kundi lilichukua ndege kuukuu, likaivua bunduki, likaipaka rangi za kupiga kelele. Kundi la 458 liliweka madoadoa makubwa. Kundi la 453 miraba ya manjano. Wengine mistari kuanzia pua hadi mkia. Ndege hiyo ilitangulia kupaa, ikazunguka huku ikimulika taa za ishara, na wenzake walipokwisha kujipanga nyuma yake, ikarudi nyumbani. Sioni rangi iliyofanya kazi ya haki kuliko ile: haikumtisha adui wala haikumsifu mtu, ilisema tu, "Kundi lako liko huku."

Vita vilipokwisha, maelfu ya ndege yalikatwakatwa na alumini yake ikayeyushwa. Kwenye uwanja wa Walnut Ridge, Arkansas, msimamizi wa kazi hiyo, Minot Pratt, aliamuru baadhi ya michoro ikatwe kwa shoka na kuwekwa kando. Vipande 33 vilipona na kuingia katika hifadhi ya Commemorative Air Force, shirika la kuhifadhi ndege za kivita za zamani. Ukibahatika kufika vinapoonyeshwa, vitafute hivyo kwanza kabla ya ndege zilizopakwa upya, maana hapo ndipo utakapouona mkono wa mchoraji mwenyewe.