Nahodha wa Maji Haba

Wengi humsifu nahodha aliyekata bahari kuu. Mimi namsifu yule anayeteremka kusini kwa njia ya maji ya ndani, kandokando ya pwani ya mashariki ya Marekani, majani ya miti yanapopukutika.

Maili sifuri iko Norfolk, Virginia, na Miami iko kama maili 1,090 mbele. Katikati kuna mito, ghuba na mifereji iliyounganishwa, ili chombo kisilazimike kuizunguka rasi ya Hatteras, ambako meli nyingi zimezama. Kuondoka kwenyewe kunataka hesabu. Ukiwahi, msimu wa vimbunga, unaokwisha rasmi tarehe 30 Novemba, utakukuta njiani. Ukikawia, baridi itakukuta kaskazini.

Mmoja wa mifereji hiyo, Dismal Swamp, ulifunguliwa mwaka 1805, na maji yake ni mekundu kama chai ya rangi. Ulichimbwa kwa mikono ya watumwa. Moses Grandy, naye mtumwa, aliendesha mashua za mizigo humo. Alilipia uhuru wake mara tatu, kwa kuwa mabwana wawili walipokea fedha zake wakamgeuka. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1843. Anayeusifu unahodha wa njia hii na aanze na watu hao.

Adui hapa ni mchanga. Wahandisi wa jeshi la Marekani wanatakiwa kuudumisha mkondo kwenye kina cha futi 12 hadi Fort Pierce, Florida, lakini mafungu huhama upesi kuliko ramani zinavyochorwa. Nahodha mgeni hukazia macho alama iliyo mbele. Omo inailekea sawasawa, kumbe maji yanamsukuma ubavuni, na atajua mkuku utakapogusa. Fundi hugeuka akatazama tezi. Alama aliyoipita ikianza kusogea kando, hangoji: huelekeza omo kidogo kule maji yanakotoka, chombo kikarudi mstarini.

Georgia humpima zaidi, kwani maji huko hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili. Mahali pabaya fundi hupapita maji yakiwa bado yanajaa. Akigusa fungu wakati huo, maji yenyewe yatamnyanyua. Akigusa yameanza kupwa, atapwelewa. Akipwelewa kwenye kilele cha bamvua, huenda akangoja siku kadhaa. Mwenye mlingoti mrefu ana hesabu ya pili. Madaraja mengi yasiyofunguka yana kimo cha futi 65 hivi, na maji yanayomwongezea kina chini ya mkuku ndiyo yanayompunguzia nafasi juu ya mlingoti. Kabla ya kupita husoma kibao cha vipimo kwenye nguzo ya daraja, na kikimkatalia, hutia nanga akangoja maji yapwe. Mwenda pole hajikwai.

Siku hizi kioo cha ramani humwonyesha kila mtu mahali alipo. Hakimwonyeshi mchanga uliohama baada ya ramani kuchorwa. Huo husomwa kwa macho, kwa saa ya maji na kwa subira. Kwa hiyo usimpime nahodha wa njia hii kwa mwendo wala kwa ukubwa wa boti. Mpime kwa anavyotazama nyuma, na kwa anavyokubali kungoja.