Mkono wa Hukwe Zawose

Ukitaja fidla, wengi hukumbuka taarabu ya Zanzibar, au kumbi za Ulaya ambako mpigaji hutokea na suti nyeusi watu wakanyamaza. Mimi humkumbuka Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma mkoani Dodoma, aliyefariki Desemba 2003. Kwa maoni yangu, katika vyombo vya upinde Tanzania haijapata mwingine wa kumfikia.

Chombo chake kilikuwa zeze. Jirani yangu hapa Kiseke PPF, mzee wa Kigogo aliyehamia Mwanza kikazi, analo moja, na jioni hulitoa barazani. Ni kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mwembamba uliopita katikati yake, nyuzi mbili, na upinde wa kijiti kilichokunjwa. Kabla ya kupiga husugua upinde kwa utomvu mkavu, bila haraka hata kidogo. Pasipo utomvu upinde huteleza tu na uzi hautoi sauti. Halafu vitazame vidole vyake vya kushoto: haviukandamizi uzi hadi kwenye mti, vinaugusa ukiwa hewani. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti imeharibika, na hakuna alama yoyote ya kukielekeza. Kinachokiongoza ni sikio.

Zawose aliyafanya hayo huku akiimba, sauti ikitoka chini kifuani na kupanda hadi juu kabisa, na zeze likimjibu. Muziki alifunzwa na baba yake, enzi za kuchunga ng'ombe. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981, huko ndiko alikofundisha na kuishi. Mwaka 1996 ilitoka albamu yake ya Chibite, na mwaka 2002 Assembly, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook. Alizunguka dunia, akasimama jukwaa moja na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel.

Ila si safari hizo zinazonifanya nimheshimu. Nyimbo za Wagogo zimejengwa juu ya sauti ambazo uzi wenyewe huzizaa: nusu yake, theluthi yake, robo yake, na kuendelea hadi sehemu ya saba na ya tisa. Ile ya saba huwa chini kidogo kuliko noti iliyo jirani yake kwenye kinanda. Sikio lililozoea kinanda huiona imekosewa, na mtu mwenye haraka angeirekebisha ili wageni waridhike. Zawose hakuirekebisha. Aliongeza nyuzi kwenye zeze, akaikuza ilimba, chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, ikawa na vyuma vingi kuliko ilivyozoeleka, akapiga na magitaa ya umeme, lakini ile sauti aliiacha pale ilipo. Kupanua chombo bila kukipotosha ni kazi ya miaka mingi ya kusikiliza. Ndiyo maana namweka safu moja na mabingwa wa fidla wanaoandikiwa vitabu huko Ulaya, wala sioni kwamba nimemkweza.

Huku Kanda ya Ziwa nasi tuna hazina. Ukerewe na Buhaya kuna nanga, chombo cha nyuzi, na pale Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yametunza ngoma ambazo zingekwisha kuoza. Lakini mtoto wa Kiseke anayetaka kujifunza muziki huelekezwa kwenye kinanda cha kwaya, na hapo ndipo masomo yanapokomea. Kinanda kinafaa, sikipingi. Ila nawaomba walimu na viongozi wa kwaya: watafuteni wazee wenye zeze na nanga, wangali miongoni mwetu, muwalipe kama mnavyomlipa fundi mwingine, wakae na watoto. Nawe msomaji, itafute Chibite, uisikilize mara mbili: mara ya kwanza fuata sauti yake, mara ya pili fuata upinde peke yake.