Bastola ya Kwanza na Tupa ya Mhunzi

Mfanyabiashara wa dagaa anayetoka Kiseke, Mwanza, alfajiri kwenda soko la Mwaloni Kirumba, au mnunuzi wa dhahabu anayesafiri Geita na fedha mkobani, akishapita serikali ya mtaa na polisi na kupata kibali cha kumiliki bastola, mara nyingi huuliza mawili tu: bei gani, na inaingia risasi ngapi. Kwa mwenye fedha ya kuhesabu, maswali hayo yana busara. Hata hivyo yanaruka kitu chenyewe kinachonunuliwa, yaani jinsi chuma kilivyokaa juu ya chuma. Bastola ya mtindo wa zamani, ya chuma kitupu na nyundo inayoonekana nyuma, ni mashine ndogo ya vipande vinavyoteleza, na uzuri wake wote uko pale vinapokutana. Mwenye fedha kidogo ndiye hasa anayepaswa kuujua ufundi huo, kwa sababu tajiri akikosea atanunua nyingine.

Mfano bora ni ile ambayo wengi huiita Browning tu. John Moses Browning, Mmarekani aliyekwisha kuunda bastola ya Colt ya 1911, aliianza kwa ajili ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, akafariki huko mwaka 1926 kabla haijakamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive akaipokea kazi, na mwaka 1935 ikatoka. Katika Colt, mtutu hushuka kwa msaada wa kipande kidogo kilichofungwa kwa pini. Katika hii ya pili, njia ya mshazari imechongwa chini ya mtutu, ndani ya chuma chenyewe, na mtutu unashuka na kupanda kwa kuifuata. Kipande kimoja kimepungua, na pamoja nacho kitu kimoja cha kuchakaa. Magazini ya Saive inabeba risasi 13 zilizopangwa kwa kupishana, na bado mpini unashikika hata kwa kiganja cha wastani. Ukiichomoa magazini hiyo, triga haifanyi kazi. Wapo wanaoking'oa kidude kinachozuia triga ili iwe laini zaidi. Huko ni kumsahihisha fundi bila kumsoma, tena katika nyumba yenye watoto (ingawa hakuna kidude kinachomwondolea mtu wajibu wa kuangalia chemba). Ubora wa mchoro huu ulijulikana hata kwa maadui: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitengenezwa Herstal chini ya Wajerumani, na wakati huohuo Toronto, katika kampuni ya John Inglis, kwa ajili ya waliopigana nao.

FN waliacha kuitengeneza katika miaka ya 2010, na zile za kwao sasa zinawindwa na wakusanyaji. Mwenye mfuko mwepesi amebaki na nakala za Uturuki, za Tisaş wa Trabzon na Girsan wa Giresun, miji ya pwani ya Bahari Nyeusi ambako mafundi wa vijijini walifua bunduki majumbani muda mrefu kabla ya viwanda. Nakala hizo ni rahisi kwa sababu kuna kazi iliyoachwa, na busara ya mnunuzi ni kujua ni ipi. Kama ni ung'arishaji wa nje au mbao za mpini, hakuna hasara. Kama ni reli za sledi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza, hasara ni kubwa. Kwa hiyo, silaha ikiwa tupu na muuzaji akiwepo, sledi ivutwe polepole kisha irudishwe polepole: inapokwaruza au kusita, pale tupa haikupita. Ndani pafunguliwe patazamwe, kwa kuwa fundi mzembe husafisha kile tu ambacho mteja atakiona. Na ichaguliwe ya milimita 9, risasi inayotumiwa na majeshi na polisi wengi duniani, kwani bastola isiyo na risasi za kufanyia mazoezi haimfundishi mwenyewe chochote.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni mapenzi ya mambo ya kale. Glock ya Austria, yenye mwili wa plastiki, ni nyepesi, ina vipande vichache, na jeshi la Uingereza lenyewe liliamua mwaka 2013 kuiweka mahali pa Browning. Hoja hiyo ni nzito. Tena unyevu wa ziwa na jasho la kiunoni hula chuma, na asiye na subira ya kitambaa na mafuta anunue plastiki bila aibu. Lakini jeshi lina ghala la vipuri. Mtu wa Kiseke ana bastola moja ya maisha, na chuma kilichochakaa kinaweza kupigwa tupa na kupakwa rangi upya. Plastiki iliyopasuka hutupwa. Nyundo ya nje, nayo, humwonyesha mwenye bastola kwa jicho moja kama imevutwa au imelala.

Mwingine atauliza kwa nini kisifiwe chombo cha kuua. Ni kwa sababu kilichofanywa hovyo kinamtishia kwanza mwenyewe na jirani yake, na sheria ya silaha ya Tanzania ya mwaka 2015, kwa ukali wake wote, haiwezi kukaza reli iliyolegea. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba ukanda huu wa ziwa haukuwa mgeni wa chuma. Warongo wa upande wa Geita walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, na Katuruka, Kagera, kuna mabaki ya matanuri ya takriban miaka 2,000. Leo chuma kwetu ni mageti ya bomba la mraba, grainda ikificha uchomeleaji mbaya na rangi ikiificha grainda. Waliobaki na mkono wa tupa wengine walijificha porini wakiunda magobore, yakaishia kusalimishwa polisi na kuteketezwa. Yalikuwa silaha haramu, na hakuna wa kuyalilia. Ila mtu anayeweza kuunda kitu kinachofyatuka kwa bomba la maji na tupa alistahili kutafutwa kabla moto haujawashwa, apewe meza SIDO, shirika la viwanda vidogo, atengeneze vipuri vya mashine za kukoboa mpunga.