Sikio la Fundi wa Garissa

Peugeot 504 kuukuu inapanda daraja la Tana kutoka Madogo ikisitasita. Ukikanyaga mafuta inachelewa kuitika, kisha pwaa! Mbuzi wa sokoni wanatawanyika.

"Adeer, usizime," fundi anamwambia dereva, "niisikie kwanza."

Anachotafuta ni mahali mlio unapotokea. Ukitokea kwenye kabureta, anashuku petroli ni haba kuliko hewa, au cheche inawahi mno. Ukitokea kwenye ekzosi, kuna mafuta yaliyopita bila kuungua yakalipukia njiani. Halafu anafungua plagi na kuisoma. Masizi meusi: petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa: imepungua. Kahawia hafifu, hana ugomvi nayo.

Huku mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Safari chache za Dadaab hujaza kichujio cha hewa, injini ikakabwa koo. Kwa hiyo fundi huanza na kitu cha bei ndogo. Kabureta haiguswi kabla kichujio, plagi na kifuniko cha distribyuta havijakaguliwa. Nawapongeza mafundi wa Garissa hasa kwa subira hiyo, maana nimewahi kukutana na wanaobadilisha vipuri kwa kubahatisha, na mfuko unaoumia ni wako.

Asipopata jibu mchana, husubiri magharibi ipite. Giza likishaingia, hufungua boneti injini ikinguruma na kuzitazama waya za plagi. Pale cheche ya buluu inaporuka nje, ndipo umeme unapovujia.