Ripoti ya Warioba na Samaki wa Feri: Uovu Unakaa Wapi?

Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda Tume ya kuchunguza kero ya rushwa nchini, chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Warioba. Ripoti yake, iliyokamilika mwaka huohuo, ni mojawapo ya maandiko ya Kitanzania yaliyoutaja uovu wa jamii kwa uwazi mkubwa. Makala hii inakusudia kuipima kwa jicho la theolojia.

Ripoti inawagawa wala rushwa katika makundi mawili. La kwanza ni la wenye kipato duni, wanaopokea ili kukidhi mahitaji ya kila siku. La pili ni la wakubwa, wanaosukumwa na tamaa ya kujilimbikizia mali. Mgawanyo huu ni wa haki, kwani unakataa kumlinganisha karani mwenye njaa na kiongozi mwenye majumba. Martin Luther naye, akifafanua amri inayokataza wizi katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, analalamika kwamba wezi wadogo huadhibiwa ilhali wakubwa wanaheshimiwa.

Hata hivyo, mgawanyo huo humwachia msomaji nafasi ya kujihesabu kuwa nje ya makundi yote mawili. Tuchukue mfano wa soko la samaki la Feri, lisilo mbali na Kanisa Kuu la Azania Front. Kwa miongo mingi pwani ya Dar es Salaam ilisumbuliwa na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe, ambayo ni makazi na mazalia yao. Sheria ilikataza; lakini nyuma ya kila mlipuko alikuwapo muuza baruti, mwenye chombo, mchuuzi, wakati mwingine ofisa aliyefumba macho, na mlaji aliyefurahia bei nafuu bila kuuliza. Operesheni za serikali zilizoshika kasi tangu mwaka 2016 zilipunguza sana milipuko hiyo, na jambo hilo lastahili shukrani. Lakini ni nani aliyetenda uovu ule?

Hapa ndipo ugumu wa zama zetu ulipo. Uovu umegawanywa vipande vidogo, hata kila mshiriki aone kipande chake hakitoshi kuitwa dhambi. Pale Kariakoo, mnunuzi anayekubali kupunguziwa bei ili asipewe risiti hajioni kuwa mwizi, hujiona mjanja. Luther, katika ufafanuzi uleule, aliingiza hila za sokoni katika hesabu ya wizi.

Lakini sisi wahubiri nasi tusijitape. Tunaposema kwamba sote ni wenye dhambi, tunasema kweli. Ila kweli hiyo huweza kuwa kichaka cha mkubwa kujifichia. Akiungama pamoja na umati siku ya Jumapili, huenda asiulizwe alichokitwaa Jumatatu. Kwa hiyo Ripoti inamkosoa mhubiri kwa kudai hatia ipimwe kwa uzito wake, na mhubiri anaikosoa Ripoti kwa kudai msomaji naye ajichunguze. Mchungaji anayewaandaa watu wake kwa Meza ya Bwana na ayafundishe yote mawili: wakubwa wadaiwe walichotwaa, na kila mmoja aulize kitoweo chake kimetoka wapi.